Kitufe cha "Hifadhi" Kinadanganya

Najua mmezoea kunikuta hapa nikibishana kuhusu lugha za programu na hifadhidata. Leo mnisamehe. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu ya kazi yangu mwenyewe.

Majuzi nilikuwa nyumbani Nuu. Kwa asiyepajua, Nuu iko kaunti ya Kitui, mashariki ya Mwingi, chini ya milima yenye jina hilohilo. Mama alikuwa akitoa vitu kwenye chumba cha zamani ili fundi abadilishe mabati. Katika vitu hivyo lilikuwemo sanduku langu la bati, lile la shule ya bweni, lenye jina langu kwa rangi nyeupe. Mle ndani nilikuwa nimeweka ujana wangu wote: barua za marafiki, kadi za kunitakia heri katika mtihani wa kidato cha nne, kitabu cha otografu tulichoandikiana siku ya mwisho darasa la nane, na picha zilizopigwa studio sokoni siku ya Krismasi, mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hayajapata kuonekana Ukambani.

Nililifungua sanduku. Kitako kilikuwa kimeliwa na kutu, na mchwa walipitia hapo. Zilibaki picha mbili na robo ya barua moja. Vingine vyote vilikuwa udongo.

Mama alisimama nyuma yangu akasema, "Pole mwanangu. Ningejua ningelipandisha juu ya meza."

Nikamwambia, "Si kitu, mwaitu." Mwaitu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama. Ndipo akaniuliza swali ambalo limenikosesha usingizi mpaka leo: "Lakini ile sauti ya susu uliyoirekodi kwa simu, hiyo si iko kwenye kompyuta? Mchwa hawali kompyuta."

Susu ni nyanya. Na sauti yake haiko kwenye kompyuta. Haiko popote.

SAFARI YA FAILI MOJA

Likizo ya Desemba 2006 nilikuja nyumbani na simu yangu ya kwanza yenye kinasa sauti. Betri tuliichaji sokoni kwa shilingi ishirini. Jioni moja nilimwekea susu simu kwenye mapaja nikamwomba asimulie njaa ya 1984, ile tunayoiita Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa nimeshika pesa. Watu walikuwa na hela mkononi, lakini chakula cha kununua hakikuwepo. Alisimulia dakika kumi hivi. Alieleza mahindi ya njano ya msaada yalivyokuwa, jinsi watoto walivyoyakataa siku ya kwanza, na jinsi siku ya tatu hakuna aliyeuliza rangi. Katikati akakatiza hadithi kumfokea mbuzi aliyeingia jikoni, kisha akacheka. Kicheko kile ndicho ninachokitafuta.

Simu ikaanza kujaa. Nikalihamishia faili lile kwenye kompyuta ya chuo. Chuo hakikuwa changu wala kompyuta haikuwa yangu, kwa hiyo nikalipakia kwenye tovuti moja ya ng'ambo iliyokuwa ikiwapa watu nafasi bila malipo. Nilibofya "hifadhi". Ikanijibu kwamba faili langu limehifadhiwa. Nikaamini. Nilikuwa kijana nasomea kompyuta, na nilidhani nimefanya jambo la kisasa kabisa.

Susu alifariki mwaka 2011. Matanga yalipokwisha nikakumbuka ile sauti. Tovuti ilikuwa imefungwa. Ilani walituma, sitawasingizia. Waliituma kwa anwani ya barua pepe niliyofunguliwa na kijana wa saiba pale Mwingi, akanichagulia na neno la siri, nikalisahau baada ya mwaka.

Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwangu mimi yalikuja na mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

TULIVYOLIHARIBU NENO ZURI

Waliotafsiri programu kwa Kiswahili walichagua neno "hifadhi". Ni neno zito. Anayehifadhi Kurani ameiweka kifuani aya kwa aya, na hakuna wa kumnyang'anya. Hifadhi ya wanyama, kama ile ya Mwingi, ni mahali ambapo sheria inasema mnyama asiguswe. Mwombaji akimwomba Mungu amhifadhi, haombi awekwe mpaka mwisho wa robo ya mwaka wa fedha.

Sasa tazama sisi watunga programu tunamaanisha nini tukiandika neno hilo kwenye kitufe. Tunamaanisha: tumeliweka faili lako kwenye diski ya mtu mwingine, katika nchi nyingine, kwa muda ambao bosi wetu ataona kuna faida, na siku faida ikiisha tutalifuta. Huko si kuhifadhi. Huko ni kushikiza. Mtu akikushikizia mzigo stendi ya Mwingi akienda chooni, hujawa ghala.

Wazee walisema akiba haiozi. Hawakuwa wameziona seva.

ORODHA YA MAKABURI

Usidhani nazungumzia vijitovuti vya uchochoroni. Majina makubwa ndiyo yaliyofanya haya.

GeoCities ilianza mwaka 1994, Yahoo wakainunua mwaka 1999, na tarehe 26 Oktoba 2009 wakaifunga. Mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida, mashairi yao, picha za mbwa wao, kumbukumbu za marehemu wao, zikaondolewa siku moja. Sehemu yake ilipona kwa sababu watu wa kujitolea, waliojiita Archive Team, walikesha wakinakili. Yahoo hawakuwatuma.

Friendster waliwatangazia watumiaji mwaka 2011 kwamba picha na ujumbe wao vitafutwa mwisho wa Mei. Orkut ilifungwa tarehe 30 Septemba 2014. Yahoo Messenger, ambayo nusu ya vijana wa saiba za Kenya walitongozea humo, ilizimwa tarehe 17 Julai 2018. Google+ ilifungwa Aprili 2019. Na MySpace? Mwaka 2019 walikiri kwamba nyimbo, picha na video walizopakia watu kabla ya 2016 zilipotea walipokuwa wakihamisha seva. Kampuni nzima ya teknolojia ilipoteza mzigo wakati wa kuhama nyumba, kama familia iliyosahau sufuria juu ya lori.

Lililotugusa zaidi sisi wa huku ni la simu. Wengi wetu tulianza WhatsApp kwenye zile Nokia ndogo za S40, si kwenye simu za bei ghali. Tarehe 31 Desemba 2018 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu hizo. Aliyenunua simu ya Android hakupewa njia rasmi ya kuhamisha mazungumzo yake yakafunguka ndani ya WhatsApp mpya. Aliweza kujitumia kwa barua pepe gumzo moja moja, kama alijua, na kama alikuwa na barua pepe. Shangazi yako wa Nuu alikuwa nayo?

Na shughuli bado inaendelea. Mei 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na barua na picha zake, kuanzia Desemba mwaka huo. Fikiria akaunti ya marehemu. Marehemu haingii kubofya.

NA MIMI PIA

Hapa ndipo aibu yangu ilipo. Miaka kadhaa baada ya kupoteza sauti ya susu nilikuwa nimeajiriwa na kampuni moja Nairobi, sitaitaja, iliyokuwa na huduma ya watu kutumiana picha na salamu. Diski zikajaa. Meneja akaniambia nifute akaunti zote ambazo hazijafunguliwa kwa mwaka mmoja. Niliandika mstari mmoja wa SQL. Nikaujaribu kwenye nakala ya majaribio, nikahesabu safu, nikaona sawa, nikabonyeza. Nikaenda kula chapati na ndengu.

Wiki chache baadaye kikaja kibaruapepe kutoka kwa mama mmoja. Alikuwa hajalalamika, alikuwa akiuliza tu kwa adabu kama kuna njia ya kupata picha ya mtoto wake, kwa sababu ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Nilimjibu kwa maneno ya kampuni: kulingana na masharti uliyokubali wakati wa kujisajili. Barua hiyo niliiandika mimi, mjukuu wa susu. Wala sikumwambia pole. Mama yangu aliniomba radhi kwa kosa la mchwa, nami sikumwomba radhi mtu niliyemfutia mtoto.

MNASEMA NINI?

Nawajua wenzangu wa kazi hii, na majibu yao nayajua kwa moyo.

Wa kwanza atasema: "Kosa lake, angetengeneza nakala." Huyu hunichosha kuliko wote. Ukipeleka pesa benki zikapotea, mhasibu akuambie ungeweka nyingine chini ya godoro, utamwelewa? Tuliwaambia watu watuletee sisi vitu vyao ili wasihangaike. Tukawapa kitufe chenye neno "hifadhi". Walipotuamini tukawaita wajinga. Isitoshe, nakala inataka kompyuta, umeme na bando. Kuna nyumba ambazo simu moja inatumiwa na watu wanne.

Wa pili atasema: "Seva ni gharama, hakuna cha bure." Kweli. Basi tupige hesabu, kwa kuwa sisi ni watu wa hesabu. Ujumbe mmoja wa simu wa herufi 160 unachukua baiti 140. Ujumbe elfu kumi, yaani mapenzi yote ya ujana wako pamoja na ugomvi wake, ni baiti 1,400,000. Hizo zinaingia kwenye diski moja ya plastiki ya zamani, ile ya megabaiti 1.44, na nafasi inabaki. Dakika kumi za sauti kwenye kinasa cha simu za wakati ule, kwa mfumo wa AMR, hazifiki megabaiti moja. Susu wangu, njaa yake ya 1984, mbuzi na kicheko, vyote kwa pamoja vilikuwa vidogo kuliko picha moja ya chapati unayopiga leo kwa simu yako. Usiniambie ni gharama. Na hata kama ni gharama, sijasema msifunge. Duka likikosa wateja lifungwe. Lakini mwenye duka anayefunga huwaita watu wachukue viatu walivyoleta kushonwa.

Wa tatu ni msomi, atasema: "Kusahau ni haki ya binadamu." Ndiyo, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaitambua: unaweza kudai data yako ifutwe. Ila sheria hiyohiyo, kifungu cha 38, inakupa pia haki ya kupokea data yako katika muundo unaosomeka na mashine, uende nayo utakako. Kusahau ni haki ya mwenye kumbukumbu. Si haki ya mwenye diski.

Wa nne hasemi kwa sauti, lakini anafikiri: "Hivi ni vitu tu. Songa mbele." Huyu namheshimu, maana wapo watu waliochoma barua za zamani kwa mikono yao wakapumua. Lakini walichagua. Waliishika karatasi, wakaisoma mara ya mwisho, wakawasha kiberiti. Mimi sikuchagua. Mama yule hakuchagua.

KITU NA JINA LAKE

Jambo jingine ambalo sisi mafundi hulisahau: kuweka faili tu hakutoshi. Mradi mmoja ulioanza mwaka 2018 kwa ushirikiano wa Makavazi ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Ujerumani ulitengeneza hifadhidata ya vitu vya Kenya vilivyo katika makumbusho za nje. Walifikisha zaidi ya vitu 32,000. Kazi nzuri sana. Lakini fikiria mkufu wa msichana wa miaka mia moja iliyopita umelala kwenye droo ya ng'ambo. Una namba, una kabila, una tarehe ya kupokelewa. Jina la msichana halimo, wala siku aliyouvaa. Umetunzwa vizuri kuliko sanduku langu la bati, na bado haumkumbuki mtu.

Sasa angalia simu yako. Picha elfu sita zenye majina ya tarakimu tupu. Baada ya miaka ishirini mjukuu wako atakuwa kama mtunza droo yule.

TUNACHODAI

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, na nitaisema waziwazi: programu inayopokea kumbukumbu za watu bila mlango wa kutokea ni mtego, na anayeitunga anajua. Ninawaambia wenzangu, na najiambia mimi kwanza:

1. Kitufe cha kutoa vitu vyote kiwepo siku ya kwanza programu inapotoka, si siku mnayofunga. Kikingojea siku ya kufunga hakitaandikwa, maana mtakuwa mnatafuta kazi nyingine.

2. Vitu vitoke katika muundo wa kawaida. JPEG ni ya mwaka 1992 na bado inafunguka kila mahali. Maandishi matupu ya UTF-8 pia ni ya 1992. Mifumo yenu ya siri mliyobuni juzi haitafika 2040.

3. Tarehe, mahali na majina yatoke pamoja na picha. Nimeona programu zinazokurudishia picha zako zote zikiwa na tarehe moja, ya siku uliyozipakua. Huo ni uhuni.

4. Ilani ya kufuta itumwe kwa namba ya simu, kwa Kiswahili au lugha ya mwenyewe, zaidi ya mara moja, kwa miezi. Barua pepe ya saiba haihesabiki.

5. Kama humaanishi "hifadhi", usiandike "hifadhi". Andika "weka kwa muda". Tuone watu wangapi watakubali.

Nawe msomaji usiye fundi, usitungoje. Usiache mbachao kwa msala upitao: hiyo simu ya zamani iliyolala kwenye droo, itafutie chaja leo, kwa sababu kumbukumbu za simu na memori kadi hufifia zikikaa miaka mingi bila umeme. Toa picha na ujumbe. Weka nakala mbili, sehemu mbili, moja iwe nje ya nyumba yako. Chache unazozipenda zaidi zichapishe kwenye karatasi, na nyuma uandike kwa kalamu: nani, wapi, lini. Sanduku lipandishe juu ya meza.

NILICHOFANYA

Asubuhi kabla ya kurudi Nairobi nilimwomba mama aketi chini ya mwembe anisimulie njaa ileile ya 1984. Wakati huo alikuwa mama kijana, kwa hiyo aliiona kwa macho tofauti na ya susu. Alizungumza karibu saa nzima. Mbuzi hawakuja, ila jogoo aliingilia mara tatu na sikumkata. Nikaliita faili jina lake kamili, na Nuu, na tarehe. Nakala moja iko kwangu, moja kwa dada yangu Mwingi, na moja kwenye seva ya kukodi ninayoilipia mwenyewe, na dada ameandikiwa jinsi ya kuifungua.

Nilipokuwa nazima simu, mama akauliza, "Na hii nayo mtaipoteza?"

Alisema "mtaipoteza", si "utaipoteza". Hakuwa ananisema mimi peke yangu. Alikuwa anatusema sisi sote tunaoandika programu, na sikuwa na jibu la kumpa kwa niaba yetu. Kama wewe ni mmoja wetu, fungua msimbo wako leo, tafuta mahali palipoandikwa "hifadhi", umjibu.